Siku moja maishani mwangu: fundi wa kuta za mawe, Mwanza

Saa 12 asubuhi nishatoka, mwiko, nyundo na pima maji kwenye begi. Saiti iko mlimani, na ukisema mlimani hapa Mwanza hujamwelekeza mtu popote. Kiwanja cha mama mteja wangu kinashuka kuelekea ziwani na kila masika udongo wa bustani yake unaishia kwa jirani wa chini, sasa anataka ukuta wa mawe uzuie udongo, pawe flati apande mchicha na nyanya zake.

"Mwangaluka mama."
"Mwangaluka fundi. Leo mnamaliza eeh?"
Hatumalizi, namwambia ukweli mapema tusije kununiana jioni.

Saa 1 vijana wanachanganya mota, karai 1 la simenti kwa 4 za mchanga, maji namimina mwenyewe maana wao wanapenda iwe laini ili mkono usichoke, alafu mota laini inachuruzika jiwe halishiki. Msingi tulishamwaga, ukuta utapanda mita 1 na nusu na kitako nimekipa karibu mita 1 upana.

Saa 3 chai na chapati, baba mwenye nyumba nae anakuja na lake, kwa nini tusipige tofali za inchi 6 tu tuokoe hela. Yaani hili swali kila saiti lipo! Mzee, ukuta wa hivyo kiangazi utausifia, ila mvua ikishuka siku tatu udongo wa nyuma unalowa, unakuwa mzito, maji hayana pa kutokea yanasukuma, ukuta unatoa tumbo, wiki mbili umelala kwa jirani. Hapa tunapigana na maji, udongo mkavu wala hausumbui hivyo. Kanielewa nusunusu, ila kaenda kuongeza mchanga.

Saa 4 mpaka saa 7 ni mawe tu. Haya ni matale ya hukuhuku, vijana wanachoma matairi juu ya mwamba mpaka unapasuka ndo wanapiga nyundo. Kila jiwe naligeuza kwanza nitafute ubapa wake, ndo linalalia huo, kona iliyochomoza naigonga, alafu nahakikisha kiungo cha chini kimefunikwa na jiwe la juu, na kila baada ya hatua mbili naweka jiwe refu linaloingia ndani kabisa kufunga ukuta. Uso nao nauegemeza nyuma kidogo kidogo kadri tunavyopanda, uzi ndo unaniongoza.

Ugali na sato, tunarudi.

Saa 8 mabomba ya inchi 2, yanapita ukuta mzima yakiinamia mbele, nyuma yake kokoto upana wa sentimita 30 ili maji yashuke yakute njia. Wateja wengi hapa ndo wanapokata bajeti, kisa hakuna atakayeyaona. Kijana mmoja kaziba bomba na mota, nimelizibua na nondo, nikamimina kopo la maji nyuma, likatoka mbele safi.

Saa 10 wingu zito ziwani, turubai fasta juu ya kazi mbichi.

Saa 11 tunaosha vifaa. Tumepanda kama nusu mita. Mama kashashika mbegu mkononi, nimemwambia udongo hatujazi mpaka ukuta umalize walau wiki unamwagiliwa, akaguna, akaniuliza kama mchicha unaweza kukaa kwenye ndoo kwa sasa. Unaweza.