Jumamosi ya Kitabu Wazi

Jumamosi, Machi 28, 2020, siku moja baada ya kafyu ya corona kuanza, tulikutana mafundi saba, mwenye karakana tuliyemwita Mama, na mimi karani wake, huko Kariobangi Light Industries, Nairobi. Tulikuwa tunashona sare za shule, na shule zilikuwa zimefungwa.

Mama alifungua kitabu cha hesabu juu ya meza ya kukatia, kila mtu asome. Mpaka leo naona uongozi wake wote ulikuwa pale. Benki kulikuwa na shilingi 96,000. Mishahara 105,000 kwa mwezi, kodi ya nyumba 18,000, stima na mengineyo 5,000. Jumla 128,000. Tulikuwa na wiki tatu tu.

Mama aliona afadhali watatu waende nyumbani. Fundi mkuu akasema, "Mama, shule zikifunguliwa, kola atashona nani?" Tukapiga hesabu upya mbele ya wote: kila fundi abaki kwa nusu mshahara, Mama asichukue kitu. Mwenye nyumba akakubali nusu ya kodi kwa miezi mitatu, na tukaandikiana, maana ya mdomo husahaulika haraka. Stima tukaikadiria 2,500. Jumla ikashuka hadi 64,000, tukapata mwezi na nusu.

Haya yaliwezekana kwa sababu tangu 2018 pesa ya biashara ilikuwa na laini yake ya M-Pesa, na hakuna kilichotoka bila sahihi mbili. Karakana nyingi huanguka hapo: laini moja inalipa karo, unga na kitambaa, mwenyewe akidhani bado ana mtaji.

Deni la kitambaa la Eastleigh, 42,000, tulilipangia 7,000 kila Ijumaa kutoka mauzo ya barakoa tulizoanza kushona badala ya sare, hayo pekee, akiba isiguswe. Mita moja ya upana wa inchi 60 ilitoa barakoa 17 za tabaka mbili, vipande vya sentimita 20 kwa 20. Lastiki ilipoadimika, utepe uliobaki pembeni ukawa kamba.

Ijumaa ya kwanza, saa tisa, kabla watu hawajakimbilia matatu za Dandora, hesabu ilipungua 200. Mama alikataa kutia sahihi. Tulipekua risiti moja moja mpaka kijana wa kupiga pasi akakumbuka: ilikuwa nauli ya kupeleka barakoa Kayole, haikuandikwa. Ikaandikwa, ndipo akatia sahihi.