Viti viwili karibu na mlango

Saa hii ni saa tano na nusu usiku, Jumamosi, Baba Shiru amelala, cherehani nimeshafunika, na badala ya mimi pia kwenda kulala nimekaa hapa jikoni nawaandikia habari ya viti vya plastiki. Mnisamehe. Najua kuna mambo makubwa, wiki hii tu tumemzika mama mdogo kule Molo, mwenye nyumba ameongeza kodi, na Shiru amenipigia kuniambia ati hataki tena kusomea uhasibu, lakini hayo yote yamenipita tu nikiyaangalia. Kilichonikwama kooni ni maneno ya Jumapili iliyopita.

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua pale tunakaa kanisani. Mstari wa tatu, upande wa kushoto, chini ya ile feni ambayo haijawahi kuzunguka hata siku moja. Tumekaa hapo tangu tuhamie mtaa wa Free Area, Shiru alijifunzia kusoma hapo akifuata kidole changu kwa Biblia. Hakuna mtu ametuandikia jina kwa hivyo viti, lakini kila mtu anajua. Sasa Jumapili tumefika, tumechelewa kidogo kwa sababu Baba Shiru siku hizi, na hizo figo zake, akipanda ile ngazi ya mlangoni lazima asimame katikati, na yule dada wa protoko, wale wa kupokea watu na kuwaonyesha viti, yule wa kilemba cha zambarau niliwaambia alinisaidia kubeba masufuria wakati wa harusi ya kina Kevo, akatujia mbio mbio na tabasamu.

"Mama Shiru, Bwana asifiwe. Leo tumewawekea viti kule nyuma, karibu na mlango. Itakuwa rahisi kwa Baba."

Na mimi nikasema, "Asante sana, dada, Mungu akubariki."

Basi. Ndiyo hiyo yote. Akanigusa bega, akaenda kupokea wengine.

Lakini itakuwa rahisi nini? Kutoka? Kutoka kwenda wapi? Nilikaa hapo nyuma na nusu ya macho yangu iko kwa mstari wa tatu, kuona nani amekaa. Alikuwa kijana na mkewe, wageni, wamevaa vizuri, wanainua mikono vizuri. Na mbele ya madhabahu kulikuwa na bango jipya la wiki ya miujiza, itaanza tarehe kumi na tano, na mimi si mtoto, nikajumlisha moja na moja. Huwezi kuwa unatangaza wiki ya miujiza na mstari wa tatu kuna mtu mmeombea miaka mitatu na bado anavimba miguu. Wageni watauliza. Mnamweka nyuma, karibu na mlango, ndiyo iwe rahisi.

Na kilichoniuma zaidi ni ile "Mungu akubariki" yangu. Nilisema haraka sana, kama mtu amepewa chenji.

Jumatatu nilikata mikono miwili ya kushoto ya blazer moja. Mikono miwili ya kushoto! Miaka kumi na tisa nashona, oda ya shule, kitambaa cha watu. Ni kwa sababu nilikuwa namjibu dada wa protoko huku nakata. Kila wakati nilimjibu vizuri zaidi. Ya kwanza ilikuwa fupi tu, "Kwani pale mbele pamekuwa pa wazima peke yake?" Kufikia Jumanne nilikuwa na mahubiri kamili. Nilimpa Paulo na mwiba wake, aliomba mara tatu na haukutoka. Nilimpa Timotheo, anaambiwa atumie mvinyo kidogo kwa sababu ya tumbo lake na magonjwa ya mara kwa mara, kumaanisha mtume mwenyewe hakumponya, alimwandikia dawa. Halafu nikampa Trofimo. Watu wengi hawamjui Trofimo, yuko mwisho mwisho wa Timotheo wa pili, mstari mmoja tu: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Paulo! Yule ambaye leso zake zilikuwa zinapelekwa kwa wagonjwa wanapona, amemwacha rafiki yake mgonjwa Mileto na akaendelea na safari, na hakuandika kwamba Trofimo alikosa imani. Nilimwambia dada wa protoko haya yote, kwa kichwa, na mguu uko kwa pedeli, na yeye kwa kichwa changu alikuwa analia na kuomba msamaha. Wateja walikuwa wananiona nikitingisha kichwa peke yangu hapo dukani. Mama wa nguo za mtumba jirani akaniuliza kama nimekula.

Kwa Baba Shiru sikusema kitu. Niliona aibu kwa niaba yake. Nikawaza yeye pia ameumia na amenyamaza kama kawaida yake, wanaume wa nyumba yao hata nyoka akiwauma watasema ni mbu.

Sasa Ijumaa tukaenda dayalisisi, kule kusafishwa damu. Mnajua ratiba, Jumanne na Ijumaa, tunatoka na matatu ya kwanza, anapimwa uzito, anawekwa kwa mashini saa nne nzima, anapimwa tena. Tofauti ya hizo kilo ni maji tu, maji ambayo figo ingeyatoa na imekataa. Ijumaa alikuwa ameongeza kilo mbili na nusu na nesi akamtazama kama mwalimu. Tangu tuhame NHIF, ile bima ya afya ya serikali ya zamani, tukaingia hii mpya ya SHA, Oktoba 2024, kila akisafishwa mara moja ni shilingi 10,650, na kila nikiona hiyo namba kwa karatasi huwa nahesabu ni sweta ngapi, sijui kwa nini, na si mimi ninalipa. Mimi hukaa kwa benchi ya korido nikipinda mikunjo ya sketi kwa mkono. Lakini Ijumaa wagonjwa walikuwa wachache kwa sababu ya mvua, nesi akaniruhusu nikae ndani na yeye.

Akiwa pale haongei sana. Mkono wa kushoto umenyooka juu ya mto, ile mirija miwili, damu inaenda na kurudi. Kwa wageni wa huku, ule mkono ndiyo maisha yake. Daktari aliunganisha mshipa unaotoa damu moyoni na ule unaoirudisha, ukanenepa kama kamba ya kuanikia nguo, na ukiweka kidole juu yake unausikia unavuma, zzzz, kama kuna nyuki ndani. Haupimwi presha, haubebi mfuko, haulaliwi, haukazwi. Mashati yake yote nimeyawekea zipu mkono wa kushoto, kuanzia kiganjani hadi juu ya kiwiko, ni kazi nzuri hata kama ni mimi nasema.

Basi sijui ni mvua, sijui ni nini, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Baba Shiru, kesho kutwa hatukai kule nyuma. Nitaongea na yule dada. Hawawezi kukuficha kama mzigo."

Akafungua macho. "Dada gani?"

"Wa protoko. Wa viti."

Akanyamaza, halafu akacheka, na huwa hapaswi kucheka sana akiwa kwa mashini, ile kengele ikalia na nesi akaja akatuangalia wote wawili vibaya.

"Mama Shiru," akasema, "si ni mimi nilimwomba."

Jameni.

Ni yeye alimwomba. Alimpigia simu Alhamisi ya wiki ile, akamwomba viti viwili karibu na mlango, na akamwomba asiseme ni yeye. Yule dada amebeba siri ya mume wangu na mimi nimemchapa na Trofimo wiki nzima.

Nikamuuliza kwa nini. Ilimchukua muda kunijibu, yule nesi alipita mara mbili. Akaniuliza kama nakumbuka kesha ya Agosti. Nakumbuka, mimi ndiye nilimsukuma aende mbele! Watu tisa walimzunguka wakamwekea mikono, na ndugu mmoja mwenye nguvu za Roho na nguvu za mjengo akamshika mkono wa kushoto, juu ya zipu yangu, akaukaza na kuutingisha akiamuru ugonjwa utoke. Baba Shiru anasema hakusikia neno hata moja la yale maombi. Alikuwa anasikiliza kama mkono bado unavuma. Alivyofika nyumbani aliingia choo, akauweka sikioni, akakaa huko mpaka akahakikisha. Mimi nilidhani ni tumbo. Nilimchemshia tangawizi, na hata tangawizi yenyewe ilikuwa kikombe kizima, yaani nilimwongezea tu maji.

"Sijachoka kuomba," akaniambia. "Nimechoka kuombewa."

Halafu akasema, polepole, kama mtu anapanga mawe, kwamba yule mtu wa Bethzatha alikuwa mgonjwa miaka 38, na Yesu kabla ya kumfanyia kitu chochote alimuuliza, wataka kuwa mzima? Na Bartimayo kipofu, kila mtu anaona ni kipofu, bado aliulizwa, wataka nikufanyie nini? "Mimi hakuna mtu ananiuliza. Wananiona tu, wananirukia. Wangeniuliza ningewaambia waniombee nilale. Nalala vibaya sana, Mama Shiru."

Nimesoma hizo sura mara ngapi. Sijawahi kuona swali hapo.

Na mimi mwenyewe sijamuuliza. Hiyo ndiyo ilinipata nikiwa kwa matatu ya kurudi, amelala begani kwangu, watu wanapanda na kushuka pale stendi na mimi naangalia tu dirisha lenye ukungu. Miaka mitatu nimejua kila gramu inayoingia mdomoni mwake, nachemsha viazi mara mbili na kumwaga maji ili potasiamu itoke, nimemnyima ndizi, nimemnyima avokado, nampimia maji na kikombe cha mtoto, hata kile kikombe kidogo cha meza ya Bwana nimewahi kumnong'oneza anywe nusu, na yeye akakinywa chote akiniangalia machoni. Kila usiku naomba kwa sauti, yeye akiwa hapo pembeni, "Bwana mponye mtumishi wako," na yeye anasema amina. Amina ya mtu anayetaka kulala.

Ule mstari wa tatu pia, kama nitasema ukweli saa hii ya usiku ambapo shetani na Mungu wote wananiona, si yeye aliupenda. Ni mimi. Nilitaka watu waone tumefika, bado tuko, amevaa shati limepigwa pasi. Yeye ule mstari ulikuwa unamchosha, kusimama na kukaa, kusimama na kukaa, na akitaka kwenda haja au kutapika apite mbele ya magoti ya watu kumi na wawili.

Jana usiku sikuomba ile yangu ya kila siku. Nilizima taa nikamuuliza, "Nikuombee nini?" Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani ameshalala. Akasema, "Omba Shiru asiache shule." Nikaomba hiyo. Halafu na usingizi. Halafu akaomba yeye, dakika mbili hivi, kwa Kikuyu, mambo ya mama mdogo na ya mvua, na jina langu likapita hapo katikati, lile la nyumbani, ambalo sijalisikia tangu mama yangu afariki. Sitaandika alisema nini.

Alilala mpaka saa tisa. Halafu akaamka akaketi kwa ukingo wa kitanda kama kawaida.

Sasa shida yangu ni kesho. Nitamwangalia aje yule dada? Kumwomba msamaha siwezi, hajui nimemkosea, nikianza kumweleza habari ya Trofimo hapo mlangoni na watu wanaingia ataona nimerukwa. Na nikimwambia najua ni Baba Shiru aliyeomba, itakuwa nimefichua siri ambayo hata yeye aliitunza. Nimefikiria kumshonea kilemba, kuna kipande cha zambarau kilibaki. Lakini ataniuliza ni cha nini.

Na mkono mmoja wa blazer bado sijaukata upya, mzazi anakuja Jumatatu asubuhi. Na Mwalimu, yule paka wetu, hajaonekana tangu Alhamisi, na leo jioni ndiyo jirani ananiambia, bila hata kunitazama, ati aliweka dawa ya panya pale nyuma ya tangi. Nimetoka na tochi mara mbili. Nimeita mpaka mbwa wa ploti ya pili wakaanza.