Haki ya Kuelezwa Sababu

Kati ya sheria zote za teknolojia zilizotungwa na Umoja wa Ulaya, ninachokithamini zaidi ni kifungu cha 22 cha kanuni ya ulinzi wa data binafsi, iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, kinachomkinga mtu dhidi ya kuamuliwa mambo yake mazito na kompyuta peke yake.

Nchini Ujerumani, SCHUFA, kampuni inayokadiria uwezo wa watu wa kulipa madeni, ilidai kwamba yenyewe hutoa alama tu na kwamba anayeamua kutoa mkopo au kuunyima ni benki. Desemba 7, 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja huo, iliyoko Luxembourg, ilisema kwamba benki inapoitegemea alama hiyo kwa kiasi kikubwa, kuitoa alama kwenyewe ni uamuzi wa kompyuta unaoguswa na kifungu hicho.

Kesi ya Austria inanigusa zaidi. Mteja alinyimwa mkataba wa simu wa euro 10 tu kwa mwezi, baada ya tathmini ya kompyuta kuonyesha kwamba hana uwezo wa kulipa. Februari 27, 2025 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba lazima aelezwe, kwa lugha inayoeleweka, ni taarifa zake zipi zilizotumika na kwa namna gani, na kwamba kumkabidhi fomula ya hesabu hakutoshi. Kampuni ikidai siri ya biashara, siri hiyo hupelekwa mbele ya mahakama au mamlaka husika ipimwe, jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa kampuni haiwezi tena kujiamulia yenyewe kunyamaza.