Wale waliokuwa wakipokea

Posa ya Zuhura imekubaliwa, duka tumelihamishia upande wa pili wa barabara, na mwenye nyumba ameongeza kodi. Yote ya wiki hii, na kila moja lina habari yake. Lakini nikikaa kuandika linanijia lile la shangazi tu, la Jumapili, barazani kwake Barabara ya Kumi na Mbili.

Nilimpelekea wimbo mpya. Mnajua simsikilizishi mtu kabla yake. Niliilaza simu mkekani, yeye akawa anachambua mchele kwenye ungo. Ubeti wa pili ulipoanza akainua uso.

"Wale watu wamekwenda wapi?"

"Watu gani, shangazi?"

"Wale waliokuwa wakikupokea kwenye kiitikio."

"Wale wote nilikuwa mimi."

"Wote?"

"Wote, shangazi."

Akatazama ungo. "Basi ulikuwa peke yako, baba."

Hakuongeza kitu. Wimbo uliisha, akasema mzuri, akauliza kama Zuhura keshachagua sare.

Tangu hapo nimefungua redio mbovu za wateja dukani na kuzifunga huku nikiirudia sentensi ile. Ingekuwa lawama ningejua pa kuiweka. Wengi wamenilaumu tangu nianze muziki huu wa neofolki na nimelala vizuri. Hii ilikuwa pole. Alinipa pole kama anavyopewa mtu aliyefiwa zamani, habari zikachelewa kufika. Na mimi pale nikakosa la kujibu, kwa sababu miaka yote nilikuwa najivunia hilo hilo: kwamba nafanya kila kitu mwenyewe, chumbani, kwa kipaza sauti kimoja na blanketi mlangoni.

Neofolki yenyewe ilizaliwa hivyo. Uingereza, miaka ya 1980, watu waliokuwa wakipiga muziki wa kelele za mitambo walishika magita makavu wakarudi kwenye nyimbo za zamani na huzuni zake. Wengi wao walikuwa mtu mmoja na jina la mradi. Baadhi yao walijipamba kwa alama za siasa za chuki, na hizo sikuzikaribisha kwangu hata siku moja. Nilichochukua ni gita bila umeme, sauti moja ya kinanda inayovuma chini mwanzo hadi mwisho, na ruhusa ya kuimba polepole.

Lakini mimi ni mtu wa Tanga. Hapa hata taarabu ilipunguzwa mwili: vikundi vya Black Star na Lucky Star, kuanzia miaka ya 1960, vilikuja na bendi ndogo na magita ya umeme, wakati vikundi vikubwa vya Unguja vilijaa fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Kupunguza vyombo tunakujua. Ila kwenye vugo, ngoma ya harusi ya wanawake, ambako shangazi amegonga pembe tangu msichana, hakuna wimbo wa mtu mmoja. Anayeanza anaanza, wenzake wanapokea, na asipopokewa ni aibu ya mji mzima.

Kwa hiyo nilipoanza niliwatengeneza hao wa kupokea. Niliwahi kueleza hapa namna yake, lakini nataka kuieleza tena. Ukichukua sauti moja uliyorekodi na kuinakili mara ishirini, hupati watu ishirini. Unapata mtu yule yule, amepaza sauti. Umati unatokea ukiimba upya kila safari, maana huwezi kurudia kitu sawasawa: hapa umewahi, pale umeshuka kidogo, pumzi imekatika mahali pengine. Sikio linakusanya hitilafu hizo na kusema, hawa ni wengi. Halafu unawapanga. Mmoja nilimwimba mdomo karibu na kipaza sauti, mwingine nikiwa nimeuelekea ukuta, mwingine ukumbini mlango ukiwa wazi, maana sauti ya mbali hupoteza makali na kubeba mwangwi wa nyumba. Nilikuwa nafanya usiku, jenereta la jirani likizimwa.

Mwaka huu niliwaondoa. Nilianza na kinanda, nikaona maneno yanapumua. Nikaondoa na wale watu, mmoja mmoja, likabaki gita la nyuzi za nailoni na sauti yangu, na kusi inasukuma dirisha. Naipenda sauti hiyo mpya. Shangazi hakunifanya niichukie. Alinifanya nisikie chumba.

Alhamisi akapiga simu kwa ajili ya hizo sare. Tumemaliza, nataka kumuaga, akasema:

"Na yule anayechelewa, naye ni wewe?"

"Yupi?"

"Yule wa sauti nzito. Wenzake wakishapokea ndiyo naye anafika. Mimi nikimpenda sana yule. Nilidhani ni mvuvi."

Nilicheka mpaka mteja akanitazama, nikafurahi siku nzima. Yule namjua! Nilimwimba nikiwa uani, karibu na simtangi la maji, wimbo ukilia ndani kwa sauti ndogo. Nilikuwa sisikii vizuri, nasubiri nihakikishe ndipo niitikie. Na mwanamke aliyepokea nyimbo maisha yake yote alimsikia akamwona ni mtu, akampa na kazi. Alimwona akirudi kutoka baharini amechoka, wenzake wameshaanza.

Usiku nikalitafuta faili la zamani, nikamtoa yeye tu, nikamweka kwenye wimbo mpya. Naanza, pale pa kupokea hapokei mtu, gita linapita, kisha anafika mvuvi, amechelewa, peke yake. Wimbo umegeuka kabisa. Kile kimya kilichokuwa kitupu sasa kina nafasi za watu, unasikia kila mmoja angekaa wapi. Imebidi gita lisubiri zaidi mwishoni mwa kila ubeti, na mstari mmoja nimeukata maana ulikuwa unamziba. Nadhani albamu nzima itakwenda hivi: niwaache wachache, na kila aliyebaki nijue jina na kazi yake.

Shangazi sijamsikilizisha. Nitamsubiri apumzike na mambo ya posa.

Sasa hivi kinachonisumbua ni dawa za mama za presha. Vidonge vya mwezi huu ni vyeupe, vya mwezi uliopita vilikuwa vya manjano, na jina kwenye boksi limefanana nusu tu. Mama anasema ni zile zile, ameshakunywa cha jana na cha leo. Leo jioni alisema miguu mizito. Duka la dawa linafungua saa mbili, nitapita na maboksi yote mawili kabla sijaenda kazini.