Jinsi nilivyotatua paraglaida iliyokuwa ikivuta kulia

Paraglaida yangu, bawa la kitambaa ambalo rubani huning'inia chini yake, ilikuwa ikivuta kulia kila niliporuka kutoka Iten, Kenya, kuelekea Bonde la Kerio, hata upepo wa mashariki ulipotulia. Pale hilo ni hatari, kwa kuwa rubani huruka sambamba na genge la mwamba, na genge likiwa kuliani bawa linaweza kumpeleka moja kwa moja mwambani. Nikiwa angani nilihamishia uzito kwenye nyonga ya kushoto, kisha nikavuta breki ya kushoto, yaani kamba inayovuta chini ukingo wa nyuma wa bawa, kidogo tu, kwani ukiivuta mno bawa hupoteza mwendo upande huo hadi likaacha kuelea, jambo baya kuliko kuvutwa kwenyewe.

Chini nilianza na mikanda ya kiti, ambayo mara nyingi ndiyo hulaumiwa, lakini ilikuwa inalingana. Ndipo nikalinyanyua bawa kwa upepo, vishikio vya breki vikiwa juu kabisa, na mwenzangu akasimama nyuma kulitazama. Aliona ukingo wa nyuma wa kulia umekunjika kidogo, ilhali wa kushoto ulikuwa umenyooka. Fundo linalofunga kamba ya breki ya kulia kwenye kishikio lilikuwa limefungwa juu ya alama ya kiwandani, kamba ikawa fupi mno, hivyo breki hiyo ilikuwa ikifanya kazi muda wote.

Nililifungua, nikalirudisha kwenye alama, nikahakikisha kila kishikio kina ulegevu wa takriban sentimita 10 kabla ya ukingo kuanza kukunjika. Niliporuka tena niliachilia breki zote mbili juu ya bonde, na bawa likaenda moja kwa moja bila kuvuta.