Nilivyopunguza vifaa vya uchawi mezani kwetu bila kumnyang'anya mtu

Chanzo cha tatizo kilikuwa mkono wangu mwenyewe. Napenda kutoa. Kila wachezaji walipolimaliza pango, niliwawekea kitu ndani ya sanduku: pete, joho, ngao inayong'aa gizani. Furaha yao pale sanduku linapofunguliwa ilinipa raha kuliko vita vyenyewe.

Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi na kutupa dadu, toleo la tano, kwa kanuni za mwaka 2014. Tuko watano: mimi mchezeshaji, ninayesimulia na kuendesha maadui, mdogo wangu, na marafiki watatu, kila Jumamosi jioni nyumbani kwangu. Tulianza ngazi ya kwanza. Tulipofika ya saba, mpiganaji wa mdogo wangu alikuwa hapigiki tena.

Tazama hesabu yake. Deraya nzito ya chuma ina ulinzi wa 18, ngao inaongeza 2, jumla 20. Zimwi likishambulia hutupa dadu ya pande 20 na kuongeza 6, hivyo linahitaji kupata 14 au zaidi. Nafasi 7 kati ya 20. Hapo kuna hofu ya kweli. Lakini nilikuwa nimempa deraya yenye nyongeza ya 1, ngao yenye nyongeza ya 1, joho la ulinzi na pete ya ulinzi, navyo kila kimoja kinaongeza 1. Akafika 24. Zimwi sasa linataka 18, yaani nafasi 3 tu.

Nikafanya kosa la pili: nikapandisha nyongeza ya maadui hadi 10. Kwa mpiganaji, mambo yakarudi sawasawa. Kwa mchawi wetu, mwenye ulinzi wa 12, adui wa namna hiyo hukosa akitupa 1 tu. Jioni ile mchawi alianguka mara mbili katika pambano moja. Rafiki yangu anayemchezesha hakulalamika. Alinyamaza, akawa anageuzageuza dadu zake mezani, na ukimya ule uliniuma kuliko malalamiko.

Kitabu cha kanuni kina kikomo chake. Kipo kifaa kinachokudai ufungamane nacho, ukikaa nacho saa moja ya mapumziko, ndipo uchawi wake ukufanyie kazi, na mtu haruhusiwi kufungamana na zaidi ya vitatu. Ni kanuni nzuri, ila ina mlango wa nyuma: deraya, ngao na upanga vyenye nyongeza ya kawaida havidai kufungamana. Mdogo wangu alikuwa amefungamana na joho na pete tu. Hakuvunja sheria yoyote. Hata ufagio wa kuruka haudai kitu, na mpaka leo sikubaliani na hilo.

Nilijaribu kwanza kumtuma mwizi kambini usiku aibe pete. Msifanye hivyo. Wachezaji waliacha safari yote wakaanza kumsaka mwizi, nao walikuwa na haki, maana kile kitu walikitolea jasho. Nikairudisha pete. Kisha nikachukua mtindo wa toleo la tatu wa kugawa nafasi za mwili: pete mbili, joho moja, jozi moja ya viatu, na kadhalika. Haukusaidia, kwa kuwa vifaa vyake vyote vilikaa sehemu tofauti.

Mwishowe niliweka dadu chini nikawaeleza wazi: nimetoa kupita kiasi, na anayeumia ni mchawi. Tulizungumza karibu saa nzima. Tukakubaliana kwamba kila mtu aondoke kambini na vifaa visivyozidi vinne vya uchawi vya kudumu, viwe vya kufungamana au visiwe. Dawa za kunywa na hati za uchawi hazihesabiwi, kwa sababu zinaisha. Mkoba wa kichawi wa mizigo hauhesabiwi, kwa kuwa ni wa wote. Vinavyobaki vinakaa kwenye sanduku, na mtu anaweza kubadilisha baada ya usingizi wa usiku. Nami nikarudisha maadui kwenye nguvu zao za kitabuni.

Mdogo wangu alikuwa na vitano. Akaacha upanga. "Kaka, mimi ni ukuta," akasema, "upanga wa kawaida unanitosha." Sikumbishia.

Safari iliyofuata ilikuwa ya msitu wenye watu wanaogeuka mbwamwitu, na hao silaha ya kawaida haiwadhuru kabisa isipokuwa iwe ya fedha. Nilikuwa nimewadokezea mapema kupitia mzee wa kijiji, maana sikutaka kumtega. Mdogo wangu alisimama mbele, akapiga, akapiga, hakuna jeraha. Mbwamwitu wale waliona haraka kwamba ukuta ule hauna meno, wakampita na kumfuata mchawi. Kundi lilinusurika kwa kukimbia.

Kambini, mdogo wangu aliuchukua upanga wake sandukuni. Ilibidi kitu kingine kitoke. Aliipitia karatasi yake kwa muda mrefu, akaifuta pete ya ulinzi, kisha akamgeukia rafiki yangu: "Ichukue wewe. Ni moja tu, lakini ichukue." Mchawi akakaa nayo ile saa moja ya kufungamana, na ulinzi wake ukawa 13.

Jumamosi iliyopita, ngao ya ziada waliyoipata hata sandukuni haikufika. Walimpa mlinzi wa lango la kijiji, kijana niliyembuni papo hapo, na sasa wananiuliza kila mara anaendeleaje.