Kabla hujaifuta WhatsApp, angalia tarehe ya simu

Jumamosi iliyopita shangazi yangu wa Mbagala alinipigia saa moja na nusu asubuhi, "mwanangu njoo uniangalizie hii simu, watu wananisema vibaya". Nikajua tu ni WhatsApp, mana kupiga anapiga, kupokea anapokea, hela anatuma na kutoa, sasa kwenye simu ya shangazi kinabaki nini tena.

Nimefika mida ya saa nne, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, na kwake huwezi kuambiwa shida kabla hujala, kwaiyo chapati mbili na maharage ya nazi ndo nikakabidhiwa simu na kisa chenyewe. Siku kumi na mbili hakuna meseji ya WhatsApp iliyoingia. Hata moja. Kikoba chao kilisogeza kikao kutoka Jumapili kwenda Ijumaa, tangazo likawekwa kwenye grupu, yeye hana habari, kaenda Jumapili kakuta geti limefungwa, akapigwa faini elfu tano. Na elfu tano sio iliyomuuma. Mwenyekiti wao alikuwa anamtumia meseji binafsi na kila akiangalia anaona tiki moja, akawaambia wenzake huyu kanibloku. Miaka tisa wanacheza kikoba pamoja leo wanaambiana maneno hayo kwa sababu ya tiki.

Naomba niliseme hili vizuri mana nimeona urafiki mwingi ukivunjika hapa mjini kwa kutokuelewa tiki. Kile kisaa kidogo maana yake meseji haijatoka kwenye simu yako wewe. Tiki moja imetoka kwako imefika kwenye seva, yani zile kompyuta za WhatsApp zinazopokea na kupitisha meseji, ila simu ya mwenzio haijaipokea. Tiki mbili za kijivu imefika kwenye simu yake, za bluu kaisoma, na kuna watu wamezima bluu kwenye setingi kwaiyo hutaiona milele hata kama kasoma mara kumi. Tiki moja inaweza kuwa kabloku ndio, lakini inaweza kuwa kaishiwa bando, simu imezima, kapoteza simu, au yuko kama shangazi.

Sasa shangazi alishapata washauri kabla yangu. Kijana wa duka la vocha hapo nje kamwambia ifute WhatsApp uiingize upya itakaa sawa. Mwingine kamwambia apeleke kwa fundi Kariakoo ikaflashiwe, yani ifutwe yote iwekwe mfumo upya. Mpangaji wake akataka kumtumia ile WhatsApp ya kuchakachuliwa, zile za kushushwa nje ya Play Store zenye rangi rangi, ambazo zinaweza kukufungisha akaunti kabisa. Na shangazi alikuwa ameshakubali ile ya kufuta, kilichomzuia ni bando tu lilikuwa limeisha na kijana kamwambia kuishusha upya inataka data.

Nilivyosikia hivyo moyo ulinipasuka. Baba yangu, ambaye ni kaka yake shangazi, ametutoka miaka mitatu sasa, na alikuwa na kawaida kila akimaliza swala ya alfajiri anamtumia dada yake voisi. Dakika moja, wakati mwingine sekunde ishirini. Umeamkaje, mguu unaendeleaje, hapa kwangu mvua imenyesha usiku kucha. Mimi kwenye simu yangu sina hata moja, nilibadili simu nikapoteza. Sauti ya baba iliyobaki duniani iko kwenye hiyo simu yenye kioo kilichopasuka kona, na hakuna bekapu (nakala ya akiba) ya Google iliyowahi kufanyika. Watu wengi wanaamini meseji zao ziko "kule WhatsApp" na ukiingia tena zinarudi. Hazirudi. Meseji ikishafika kwenye simu yako seva haibaki nayo, iliyopo ni hiyo ya kwenye simu na bekapu kama uliweka. Ukiifuta programu bila bekapu ya Google unaweza kuwa umeagana nazo.

Kwaiyo nikasema hatufuti kitu, tunaangalia kwanza.

Kitu cha kwanza siku zote uliza jirani, kwako WhatsApp inaingia? Mana kuna siku tatizo sio lako. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizima dunia nzima kama masaa sita, na Mei 12, 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari ilikatika, intaneti ikawa ya kubahatisha nchi hii na majirani zetu. Siku kama hizo unaweza kuflashi simu mpaka kesho. Lakini hapa mpangaji anachati vizuri tu, kwaiyo shida iko kwenye simu.

Nikamuungia bando, nikahakikisha data imewashwa kwenye laini yenye bando (simu za laini mbili hizi, unakuta bando liko laini ya kwanza, data imechaguliwa ya pili, mtu anahangaika siku nzima). Nikafungua WhatsApp, inaandika toleo hili limepitwa na wakati, sasisha. Haya, nikaenda Play Store nisasishe, kinazunguka tu, kinazunguka, alafu kinasema jaribu tena. Hapa ndo watu wote walikwama na ndo wakasema futa. Na ukiangalia kwa haraka unawaelewa, simu yenyewe inakwambia programu imezeeka.

Mi kilichonishtua ni meseji za kawaida. Nilifungua ile ya muamala aliyotumiwa asubuhi hiyo hiyo, mjukuu wake mkubwa kamtumia elfu ishirini. Ndani ya meseji kampuni imeandika tarehe ya siku hiyo, Jumamosi. Lakini pembeni, pale simu yenyewe inapoandika imepokea lini, inasema Jumatano. Mwezi mwingine. Nikarudi kwenye skrini ya mbele, nikaangalia yale maandishi madogo chini ya saa, simu iko miezi saba mbele! Saa yenyewe ilikuwa sahihi kabisa, saa nne na dakika hamsini na ukutani ni hivyo hivyo, ndo mana hakuna aliyegundua. Nani anaangaliaga tarehe kwenye simu, tunaangalia saa.

Mjukuu wake mdogo, yuko darasa la nne, alikuwa amekaa mlangoni, akaanza kuangalia chini. Ni gemu. Lile la kupanga pipi, ukishindwa mara tano unasubiri upewe maisha mengine, na watoto wa mtaani wameshajua ukisogeza tarehe mbele yanarudi hapo hapo. Kazima ile ya simu kujiwekea tarehe yenyewe, kila jioni anasogeza siku, anasogeza siku, mpaka mwaka unaelekea kuisha. Hakujua kabisa inahusiana na WhatsApp ya bibi yake na wala sikumgombeza, nilimwonyesha tu na akaelewa haraka kuliko sisi.

Inahusianaje? Kila toleo la WhatsApp lina muda wake wa kuishi, muda ukipita linakataa mpaka usasishe. Linajuaje muda umepita? Linauliza simu, leo tarehe ngapi. Simu ikidanganya toleo linajiona limekufa. Na Play Store na tovuti karibu zote nazo kabla hazijaongea na simu yako zinaonyesha cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na kuisha. Chukulia trafiki kakusimamisha pale Mtongani, bima yako ni halali kabisa, lakini kalenda yake ni ya mwakani. Atakuona bima imeisha na hutapita, na huna kosa lolote. Kupiga simu na meseji za kawaida haziangalii hivyo vyeti ndo mana vilikuwa vinaenda na shangazi akaamini simu ni nzima.

Dawa yake: setingi, mfumo, tarehe na saa, washa simu ijiwekee yenyewe kutoka kwenye mtandao. Ikikuandikia saa za Nairobi usishtuke, ni saa zetu hizo hizo, GMT+3. Nikaizima nikaiwasha, nikafungua WhatsApp.

Simu ilitetemeka kwenye kiganja changu kama dakika nne mfululizo bila kupumua. Grupu la kikoba, la ukoo, la msikitini, la wazazi wa shule, picha za harusi ambayo imeshapita. Seva inashikilia meseji ambayo haijafika kwa siku 30, baada ya hapo inaifuta, kwaiyo siku kumi na mbili zote zilikuwepo, ingefika mwezi na zaidi za mwanzo zingeanza kupotea. Na pale kwa mwenyekiti tiki zikawa mbili papo hapo, shangazi akampigia tena kwa sauti kubwa, "umeona sasa?"

Sikuondoka hapo. Nilienda kuweka bekapu na ndo nikakutana na kitu kilichonitisha kuliko tarehe. Namba iliyosajiliwa kwenye WhatsApp yake sio laini anayotumia. Ni ile ya zamani, laini yake iliibiwa pamoja na simu yake ndogo sokoni Tandika na hakwenda kuirudisha. WhatsApp inaendelea tu kufanya kazi kwa namba ya zamani hata kama laini haipo kwenye simu, na wengi wetu tuko hivyo. Lakini ukiifuta na kuingia upya, zile tarakimu sita za kuthibitisha zinatumwa kwenye ile namba, laini hauna, kwaiyo unabaki nje. Angemsikiliza kijana wa vocha angeweza kupoteza akaunti, magrupu na baba yangu kwa siku moja.

Kuna sehemu kwenye setingi, akaunti, badilisha namba. Unaandika ya zamani na mpya, tarakimu zinakuja kwenye mpya, meseji na magrupu yanabaki yalipo. Nikamwekea na pini ya hatua mbili, ile namba ya siri ya pili ambayo WhatsApp inaiuliza hata mtu akiwa na zile tarakimu sita, na nikamwambia shangazi zile tarakimu sita hata nikikupigia mimi nikakuomba usinipe, na akija mtu wa "ile hela tuma namba hii" meseji yake ipeleke 15040, namba ya kuripoti meseji za matapeli.

Bekapu nilitumia hotspoti yangu, nikaacha video nje mana siku hizi bekapu inakula kwenye zile GB 15 za bure za Google na video za asubuhi njema zingejaza zote. Voisi ziliingia. Tulikaa tunasubiri ile namba ipande, asilimia sitini, sabini, shangazi hasemi kitu, ilipofika mwisho akafungua chati ya baba akapandisha juu sana akaweka moja tukasikiliza wote watatu, kuna jogoo anawika nyuma ya sauti yake.

Cha mwisho kilibaki kidogo lakini kingemrudisha kwenye faini. Nilivyomtumia meseji ya majaribio nikiwa chumbani na simu yake imelala, haikulia, mpaka alipoifungua mwenyewe. Hiyo ni kuokoa betri, simu nyingi za bei yetu zinazilaza programu ukizima kioo ili chaji idumu. Setingi, programu, WhatsApp, betri, unachagua isizuiwe, na kwenye data unaruhusu itumie hata ikiwa nyuma.

Nimeondoka kwake saa kumi na mbili kasoro, nimekaa kwenye daladala Rangi Tatu linasubiri kujaa, nikamwandikia nishapanda shangazi. Najua muda huo anaswali, simu iko kwenye pochi juu ya kabati kioo kimezimwa. Tiki moja. Alafu mbili.